Waya wa Kurudi

Mchana wa Jumatano, watu wakiwa wameshatawanyika kutoka sala ya adhuhuri, Mwasiti binti Saidi alivuta kigoda akakaa mbele ya Mizani. Miaka sita alikuwa akikaa hapo kila siku wakati kama huo, na miaka yote hiyo hakuwahi kuona kitu cha kumnyima usingizi. Sasa ilikuwa juma la tatu hajalala vizuri.

Mizani ilikuwa kioo tu, ukubwa wa sinia, kimesimikwa ukutani katika chumba chake cha uani. Ndani yake ilipita mistari kumi, mmoja kwa kila nyumba ya duara lao pale Mulungia. Mstari ukipanda, nyumba ile inakula umeme, ukishuka, inatoa. Kila chombo kilikuwa na mwendo wake. Birika lilipanda ghafla kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, likakaa kidogo, likaanguka. Cherehani ilitetema. Pampu ya kisima ilikwenda kwa vishindo, na friji la mtindi la Mwasiti mwenyewe lilikwenda polepole, likipumzika na kuamka. Mizani ilikuwa imefundishwa miendo yote hiyo, na chini ya kila mstari iliandika jina la chombo.

Chini ya mstari wa nyumba ya saba, nyumba ya Athumani fundi, ilikuwa imeandika: hakijulikani.

Mwasiti akautazama. Ulipanda robo saa mfululizo, maji yakipashwa. Ukashuka nusu. Kisha ukalala sawasawa, naye alijua kwamba utalala vile saa tatu na nusu, na mwisho utapanda tena juu kuliko mwanzo, chombo kikijisafisha. Jumamosi hivyo, Jumatatu hivyo, Jumatano hivyo. Mizani haikukijua. Mwasiti alikijua. Miaka miwili alikaa humu nyumbani ubavuni mwa mashine kama ile, ameshika mkono wa marehemu mumewe, Kimolo, damu ikitoka kwa mrija mmoja, inasafishwa, inarudi kwa mrija mwingine, maana figo zake zilikuwa zimekufa.

Kimolo alipofariki, Mwasiti alimwomba fundi wa duara aufute mwendo ule ndani ya Mizani, asije akaona siku moja kioo kinaandika jina lile na moyo ukamruka. Fundi akaufuta bila kuuliza swali. Fundi mwenyewe alikuwa Athumani.

Duara la Mulungia liliendeshwa hivi. Kila paa lilikuwa na vigae vya jua, na kila nyumba ilikuwa na nyaya mbili zinazokwenda kwenye ghala la umeme nyuma ya msikiti: waya wa kutoa na waya wa kurudi. Jua likiwa kali unatoa. Jioni, au siku una shughuli, unarudishiwa. Walipimiana kwa bakuli, na bakuli moja lilitosha kuivisha sufuria ya maharage. Nyumba kumi, balozi mmoja, na mshika mizani mmoja aliyeapa kwa msahafu. Huyo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuona nyumba gani inafanya nini. Wengine waliona jumla tu, ya vyombo vinavyojulikana na visivyojulikana, kwenye ubao wa mlangoni mwa msikiti. Wazee walioanzisha duara walitaka hivyo makusudi. Umeme husema mambo mengi ya ndani ya nyumba: nani kaamka, nani hakupika, nani analala taa ikiwaka. Si mambo ya kubandikwa ukutani.

Lakini kulikuwa na majira ya vumbi. Tangu mbuga za mashariki zilipokwanguliwa nyasi, kila mwaka kuanzia Julai vumbi lilisimama angani hadi mvua za kwanza, na jua likawa linakuja kama limevaa chandarua. Majira hayo yalikuwa na sheria yake. Chombo kisichojulikana kikila zaidi ya bakuli tano, tena kwa majuma matatu, nyumba yake inatajwa Ijumaa mbele ya wote. Kile cha nyumba ya saba kilikula saba kila kilipowashwa, na Athumani alikuwa amewaambia watu kwamba vigae vyake vimepasuka, ndiyo maana anatoa kidogo.

Kutajwa kwenyewe kusingemuua mtu. Angelipishwa faini, wangemcheka mwezi mmoja, yangekwisha. Ila chombo kikitajwa hupelekwa jina lake wilayani, na cha namna ile wilayani kilikuwa na maana moja. Tangu mwaka aliochukuliwa Kimolo, mgonjwa wa mashine hakuruhusiwa kukaa kwenye duara. Watu wa Uangalizi wangekuja na gari lao jeupe wakampeleka kwenye nyumba zao, mbali, siku nzima kwa treni. Walisema ni kwa usalama wake, umeme wa duara usije ukakatika damu yake ikiwa nje. Hawakusema uongo. Ndivyo walivyomwambia Mwasiti walipomchukua Kimolo.

*

Alhamisi asubuhi alijaza kibuyu mtindi akaenda nyumba ya saba. Mke wa Athumani, Tabu, alimpokea barazani, akamtandikia mkeka hapo hapo barazani. Miaka ishirini ya ujirani, haijatokea akaishia nje. Mlango nyuma yake ulikuwa umerudishwa, na kupitia upenyo wake ilitoka harufu ya siki. Mwasiti aliijua harufu ile pia. Mirija husafishwa kwa siki.

Waliulizana hali. Wakaliongelea vumbi, wakamwongelea mbuzi wa jirani aliyekula pazia. Tabu alisema mumewe amelala, mgongo unamsumbua, huu ufundi wa kuinamainama. Aliyasema haraka, kama mtoto anayesoma aya asiyoijua vizuri.

Mwasiti akasema, kana kwamba amekumbuka tu, kuwa kesho ni Ijumaa ya kusoma Mizani. Mtu mwenye kitu chake anaweza kukitaja mwenyewe kwa balozi kabla ya adhana, na balozi wao ni mtu wa kusikia, pengine ingetafutwa njia.

Tabu aliangalia kibuyu.

"Sisi hatuna cha kutaja, dada."

"Haya."

"Tungekuwa nacho tungesema."

"Nimekusikia, Tabu. Mtindi huo ni wa leo, msiuache juani."

Alirudi kwake akasali, akakaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida. Tangu utotoni alifundishwa kumsitiri mwenzake, aibu ya jirani uiweke ndani kama yako. Na tangu utotoni alifundishwa kuwa amana haivunjwi, na kwamba ushahidi ukiitwa hausimami nyuma ya mlango. Haya mawili hayakuwahi kugombana mbele yake. Sasa yalikuwa yamekaa kila moja upande wake wa msala, yanamngoja yeye.

*

Ijumaa baada ya sala walikusanyika uani mwa msikiti, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na Mzee Swalehe, balozi, kwenye kiti chake cha kukunja. Mambo ya kisima yalikwisha upesi. Kisha Bi Sauda, mfuga kuku wa nyumba ya tatu, akasimama. Alikuwa na haki ya kusimama. Juma lile taa zake za joto zilizimika mara mbili kwa sababu ghala lilikuwa tupu, na vifaranga sitini walikufa kwa baridi.

Alisema amewakuta wamekumbatiana kwenye kona kama watu wanaoagana uwanja wa ndege. Watu wakacheka, naye akawaacha wacheke, halafu akaonyesha ubao. Majuma matatu kitu kisichojulikana kinakula umeme wa wenye haki. Majira ya vumbi ya mwaka jana kitu hicho hakikuwapo. Sasa wajiulize mwaka huu, mwezi wa nne, alihamia nani.

Hakuna aliyehitaji kujiuliza. Aliyehamia alikuwa Nyamizi, mjane wa kutoka Nzega, fundi wa kuchomelea vyuma, mpangaji wa nyumba ya kumi. Alikuwa amekaa pembeni ya mkeka na suruali yake ya kazi, kitambaa kichwani kwa heshima ya mahali. Hakuwa wa dini yao wala wa ukoo wa mtu yeyote pale.

Kijana mmoja mwenye duka akasema anayeyeyusha chuma anakula umeme kuliko ng'ombe anavyokula pumba.

"Mashine yangu ina jina kwenye Mizani," Nyamizi akasema, bila kusimama. "Nikiiwasha mtaa mzima mnaisikia, na watoto wenu mnawafumba macho. Mwizi gani huyo wa kuiba kwa kelele namna hiyo?"

Wakacheka tena, safari hii kwa upande wake kidogo. Sauda hakucheka. Alisema mgeni mwenye maneno matamu ndiye wa kuangaliwa mikono. Balozi akapiga bakora yake chini mara moja, pakatulia.

"Bi Mwasiti," akasema. "Majuma matatu yametimia. Tusomee."

Mwasiti alisimama. Benchi la mwisho, karibu na birika za kutawadhia, Athumani alikuwa amekaa na kofia yake juu ya goti, anatazama kucha zake. Uso wake ulikuwa na ile rangi ya majivu. Mwasiti alishangaa kwamba watu wote wale hawaioni.

"Chombo kipo," alisema. "Nyumba yake naijua. Si ya Nyamizi."

"Ni ya nani?"

"Hiyo sitasema."

Uani alisikika mtoto akinywa maji. Balozi alimkumbusha kwa upole, kama mtu anayemshika mkono mwenzake gizani, kwamba aliapa. Mwasiti akasema anajua aliapa, na kwamba kiapo kile amekivunja leo mbele yao, kwa kujua. Kafara yake ni kulisha maskini kumi, atawalisha. La sheria ya duara ni lao, walifanye.

Balozi hakupenda, lakini sheria ilikuwa fupi na kila mtu aliijua. Mshika mizani anayeficha hubeba mwenyewe adhabu iliyo nzito kuliko faini. Waya wa kurudi wa nyumba yake unakatwa mpaka mvua za kwanza. Vigae vyake vitaendelea kulisha ghala, lakini ghala halitamlisha yeye. Hapo upungufu utazibika, na vifaranga wa Sauda watapata joto. Kwa hesabu ya bakuli, hakuna ambaye angeumia isipokuwa mwenye friji la mtindi.

Mwasiti alikuwa ameyapima hayo usiku kucha na akaona yanabebeka. Alichokuwa hakukipima ni Sauda.

"Ngojeni," Sauda akasema. "Mwezi uliopita Bi Mwasiti kawekewa lango jipya la chuma. Kalitengeneza nani?"

Watu wakageuka kumtazama Nyamizi, kisha Mwasiti, kisha Nyamizi tena. Mwasiti alisema lango alilinunua kwa haki, na kwamba ameshasema si huyu. Lakini aliyekataa kutaja jina hana nguvu ya kukanusha jina, hilo alilihisi maneno yakiwa bado mdomoni. Mtu akanong'ona kwamba ndiyo maana kamtetea kabla hajaulizwa. Mwingine akasema, wajane wanahurumiana. Nyamizi alisimama, akafungua kile kitambaa cha heshima kichwani, akakikunja vizuri mara nne, akaondoka.

Athumani alikuwa bado anatazama kucha.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Athumani alikuja na ngazi begani. Kukata na kuunga nyaya za duara ilikuwa kazi yake. Balozi hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Alibisha hodi. Mwasiti akamkaribisha, akamuuliza ameamkaje, akamshikia ngazi kama alivyokuwa akimshikia siku zote.

Athumani alipanda vipande vitano akapumzika. Akapanda vitatu, akapumzika. Alipofika juu alikaa ukingoni mwa paa, miguu ikining'inia, koleo mkononi.

"Shemeji," alisema. Alimwita hivyo tangu enzi za Kimolo. "Umejuaje? Mizani haiujui mwendo ule."

"Kwenye Mizani uliufuta. Kwangu mimi haukufutika."

Athumani aligeuza koleo mkononi. Halafu akaeleza, kwa mkato, kwamba yeye na Tabu walidhani chombo kikiandikwa hakijulikani, basi hata Mwasiti hatajua ni nini, na siku ya kusoma watasema ni jokofu bovu, watalipa faini, basi. Mashine aliipata kwa mtu, ya zamani, akaitengeneza mwenyewe. Inafanya kazi. Kitu kimoja tu hakukifikiria, nacho ni kwamba anayekaa mbele ya kioo kile aliishi na mashine kama hiyo miaka miwili.

"Na kwa nini hukusema?"

Mwasiti alitaka kumjibu kwa neno la dini, lakini alichokiona kilikuwa chumba cha kule. Akamwambia kwamba nyumba za Uangalizi si pabaya. Ni safi. Kimolo alipewa kitanda cha dirishani, na dawa hazikukosekana hata siku moja. Alikwenda kumtazama mara tatu, na mara ya tatu akamkuta amezoea kuitikia namba ya kitanda. Alimwita kwa jina lake, akachelewa kugeuka. Mwezi uliofuata akafa.

"Walimtunza vizuri sana," alisema. "Ila tu hakuwapo mtu wa kumjua."

Vumbi lilikuwa limefunika kilima chote cha upande wa pili. Athumani alijifuta uso kwa mkono wenye koleo.

"Nikisema leo, Jumatatu watakuja."

"Najua."

"Nisiposema unakaa hivi mpaka mvua."

"Najua pia. Mtindi nitauza asubuhi, utakaobaki nitaunywa. Maharage nitapikia kuni. Kata, Athumani, jua linakuchoma."

"Nisamehe."

"La kwangu nilikusamehe jana, pale pale niliposimama. Kata."

Akakata. Koleo lilitoa mlio mdogo, na ndani ya nyumba friji likatulia. Athumani aliziba ncha ya waya kwa utepe, vizuri, kwa ufundi, kama mtu atakayekuja kukaguliwa. Akashuka kipande kwa kipande. Alipokanyaga chini alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyevuka mto.

Mwasiti hakuiachia ngazi.

"Bado la Nyamizi," akasema.

Athumani alimtazama.

"Yule ameitwa mwizi mbele za watu, na tuliojua kwamba si yeye tulikuwa wawili. Mimi nilifungua mdomo nusu, nikamharibia zaidi. Alfajiri nilikwenda nikamwomba radhi kwa fungu langu. Lako siwezi kulisamehe mimi. Halikutendwa kwangu."

"Alikujibu nini?"

"Aliniacha mlangoni. Alikuwa anafunga vyombo vyake. Gari la kumhamisha linakuja adhuhuri."

Athumani alikaa juu ya kipande cha chini cha ngazi. Alisema Nyamizi ni mtu wasiyemjua kwao wala ukoo wake. Akimwambia, atakuwa amempa kisu na kumwonyesha shingo. Neno moja kwa balozi, basi, na baada ya jana ana kila sababu ya kulisema. Mwasiti alisema ndiyo, anaweza kulisema, naye hawezi kumwahidi kwamba hatalisema. Athumani akasema labda amwandikie, akishafika huko aendako. Mwasiti aliendelea kushika ngazi. Athumani akasema labda Tabu aende. Mwasiti akatazama jua lilipofika.

"Wewe ungekuwa mimi?"

"Mimi si wewe. Mimi jana nilikuwa na langu likanishinda nusu."

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mashine. Kulia kwa lango kulikuwa kwake, na Tabu bila shaka alikuwa ameshaanza kupanga mirija. Kushoto, mwisho wa njia, ilikuwa nyumba ya kumi, na vyuma vimerundikwa nje. Athumani alisimama langoni, ngazi begani, kwa muda wa mtu kusoma Fatiha mara tatu. Halafu akarudi, akaiegesha ngazi ukutani kwa Mwasiti, akaenda kushoto mikono mitupu.

Mwasiti alimfuata kwa macho. Alikwenda polepole, akishika ukuta wa kila nyumba aliyoipita. Dukani watu walimsalimia, akaitikia bila kusimama. Alipofika alibisha. Nyamizi alitokea akiwa na kamba mkononi, akajaza mlango, hakumkaribisha.

Kwa umbali ule maneno hayakusikika. Mwasiti aliona Athumani anaongea, ameinamisha kichwa, na Nyamizi hatingishiki. Aliona anaacha kuongea. Kisha akamwona anafungua kifungo cha mkono wa shati, anaukunja taratibu mpaka juu ya kiwiko, na kuunyoosha mkono ule mbele ya yule mwanamke, pale mshipa ulipovimba kama kamba chini ya ngozi na sindano zilipoacha madoa.

Nyamizi alitazama muda mrefu. Akaitupa kamba juu ya mizigo, akageuka upande, na mlangoni pakabaki nafasi ya mtu mmoja kupita.